Buru Bila Maiti

Jumatatu, 4 Agosti
Nimeanika omena, dagaa wetu wa ziwani, tangu asubuhi. Kambi ya watalii imetuma mtu tena: tuhamishe nyavu za kuanikia, eti harufu inakera wageni. Jioni wageni walewale wakaja kupiga picha omena. Siwaelewi. Mama mkwe hajala, kifua kimembana.

Jumatano, 6 Agosti
Otieno ananificha kitu. Mume wangu akidanganya husifu chakula. Leo amesifu ugali mara mbili. Anatembeza wageni wa kambi, sawa, lakini tangu lini kazi hiyo ikahitaji mafahali? Ameazima wa majirani. Nimemwuliza. "Ni mambo ya wageni tu, nyar Rangwe." Akiniita hivyo, binti wa kwetu Rangwe, kuna jambo.

Alhamisi, 7 Agosti
Nyuma ya choo: mikuki, pembe, majani ya kujifunga. Ni vitu vya tero buru. Mtu mzima akifa, wanaume huswaga ng'ombe mbio kwa vilio na pembe, wakifukuza kifo kitoke bomani. Hapa nani amekufa? Hakuna. Otieno anasema wageni wanataka utamaduni halisi, na matanga ya kweli hayangoji ratiba yao. Halisi! Buru bila maiti ni kukiita kifo, na anajua. Nimekasirika. Mama yake anakohoa mle ndani. Otieno ameapa watafanyia ng'ambo ya kilima. Simwamini.

Jumamosi, 9 Agosti
Uongo mtupu. Wageni walitaka ziwa lionekane kwenye picha, kwa hiyo wamepita nyuma ya nyumba yetu. Vumbi, pembe, wanaume wakilia. Otieno mbele, machozi ya kweli. Nilifunga dirisha, nikafungulia redio. Wapi! Mama akaamka.
"Ng'a motho?" Nani amekufa?
"Ni mchezo wa wageni, Mama."
"Otieno yuko huko?"
"Yuko."
"Nani huchezea buru?" akauliza. Anaamini ni yeye anayeliliwa, na kwamba tunamficha.

Jumapili, 10 Agosti
Hatukwenda kanisani. Mama ameomba kuogeshwa, avishwe nguo yake ya kanisa. Kisha akamwita Otieno.
"Umenililia vizuri, wuoda, mwanangu. Nilisikia sauti yako."
Otieno amekaa sakafuni kando ya kitanda. Mama amemshika kichwa, kama anayembembeleza mtoto. Uji ameukataa.