Vigae vya Mlango wa Nyuma

Padiham, 6 Mei

Bibi yangu,

Salamu kutoka jikoni kwako. Nyonga inasemaje leo? Na huko Torquay, Mjomba Roy anakupa chai ya kueleweka, au bado ni maji ya moto yaliyoonyeshwa majani kwa mbali? Sisi wazima. Kitukuu wako Nell ameota jino la tatu na anamng'ata nalo baba yake kila akirudi na lori.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunisikii, halafu Mjomba huichukua. Najua anachosema: nyumba iuzwe, wewe ubaki huko, kwa kuwa ile ngazi ya mlango wa nyuma iliyokuangusha itakuangusha tena. Basi ngazi naiondoa. Nitainua ua wote mpaka ulingane na kizingiti, utoke na kikombe chako bila kuinua mguu. Nimepata vigae vya kauri, vile vinene vya nje, rangi ya mchanga uliolowa. Havifyonzi maji wala havishiki ukungu. Natandika mwenyewe. Shule niliiacha mapema, lakini mikono sikuiacha huko.

Usimwambie Mjomba. Atasema Jodie hajawahi kumaliza kitu.

Mjukuu wako,
Jodie

Torquay, 15 Mei

Jodie mwanangu,

Barua imenikuta hai, nashukuru, maana chakula cha mke wa Roy si cha kumkuta mtu hai. Nyonga inauma asubuhi, na jioni nikisikia siasa.

Vigae, bibie? Wewe uliyeniwekea rafu ya jikoni ikakaa kama inasali? Haya. Nakuamini kuliko nilivyoiamini ile rafu. Roy amekubali kunileta Jumapili ya mwisho ya Agosti, aikague nyumba. Amesema akiona pako salama, nabaki kwangu. Asipoona, anaita watu wa kuuza. Mimi nimelala chumba cha wageni miezi yote hii nikijua kwangu pako wapi. Nitolee kiti changu uani siku hiyo.

Nell asile mchanga. Wewe uliula.

Bibi yako

Padiham, 9 Juni

Bibi mpenzi,

Habari za huko baharini? Hapa kwetu mgongo wangu ndio unaoumwa, wengine wote hawajambo.

Bibi, nimemaliza. Nilimwaga kifusi, nikakishindilia, nikatandika saruji na mchanga, kigae baada ya kigae nikigonga kwa nyundo ya mpira. Mzee Entwistle wa jirani alikuwa ukutani kwake kutwa. "Hapo unatandika ua au unajenga jukwaa la bendi?" Nikamwambia bendi itakuja, yeye tu hataalikwa.

Walioleta vigae waliacha na mfuko wa unga wa kijivu, eti ukorogwe uwe uji, kila kigae kipakwe mgongoni kabla ya kulazwa. Nikaona ni maneno ya kuuzia mifuko. Saruji si ipo chini tayari? Nimeuweka bandani.

Ua umelala sawa kabisa. Nimeweka pima maji kila upande, kipovu kimetulia katikati kama kimepigwa misumari. Nell ametambaa kutoka jikoni mpaka nje bila kujua ametoka. Nimelia kidogo. Picha nitakutumia.

Mjukuu wako asiyemaliza kitu, amemaliza,
Jodie

Torquay, 20 Julai

Jodie,

Hujambo? Na mtoto? Nimengoja ile picha mpaka namwonea haya mleta barua. Nimewaringia wanawake wote wa kanisani hapa, wananiuliza kila Jumapili. Nitumie hata iliyopigwa vibaya.

Bibi yako

Padiham, 12 Agosti

Bibi,

Natumaini u mzima. Samahani kwa kukawia. Nell ana kikohozi kidogo. Naona mwisho wa mwezi msije kwanza. Safari ni ndefu na nyonga yako bado. Labda karibu na Krismasi.

Jodie

Torquay, 17 Agosti

Jodie,

Salamu. Mtoto apone.

Barua yako nimeisoma nikaisoma tena. Fupi, na humo sikuulizwa hata chai. Nilikaa nayo dirishani nikafikiri: mjukuu wangu ameolewa, ana mwanawe, amezoea nyumba bila kikongwe. Si dhambi. Lakini kama hunitaki niambie wewe, nisisikie kwa Roy. Ameshaleta karatasi za watu wa kuuza, ziko mezani chini ya bakuli la matunda. Nikisaini, nimesaini.

Bibi yako bado

Padiham, 19 Agosti

Bibi yangu, Bibi yangu,

Usisaini. Hata sijakuamkia, nisamehe. Usisaini.

Si kwamba sikutaki. Nimekuharibia nyumba na sikuweza kukuandikia.

Mwisho wa Juni ilinyesha kutwa. Ua ule uliolala sawa, niliojisifu nao, maji hayakuwa na pa kwenda. Yalisimama, kisha yakaja mlangoni, na ngazi ya kuyazuia niliiondoa mwenyewe. Nikawa nayasukuma kwa fagio huku Nell ananishangilia. Mzee Entwistle akachungulia: "Bata unawanunua lini?" Nikacheka naye. Kesho yake ikanyesha tena.

Halafu ikaja harufu, kama ya kiatu kilichosahaulika. Chumba cha nyuma, Bibi, kile nilichokutandikia kitanda ili usipande juu. Ile karatasi ya ukutani ya maua uliyobandika na Babu ikaanza kujikunja toka chini. Nikasogeza kabati mbele yake. Nikaweka mishumaa ya kunukia. Nell akakohoa, na mimi nikawa namwambia baba yake ni meno.

Wiki iliyopita Mzee Entwistle akaniuliza, safari hii bila mzaha, "Yale matofali yenye matundu, ya kupitisha hewa chini ya sakafu, umeyaweka wapi?" Nikasema yapo. "Yapo wapi?" Nikaangalia ukuta. Niliyafukia, Bibi, yote mawili. Nyumba yako imezibwa pua kiangazi kizima, na mimi ndiye niliyeiziba.

Jana nimechukua mtaimbo nivivunje vile vigae. Nilipouchomeka chini ya cha kwanza kikainuka kizima, mgongo msafi kama sahani iliyooshwa. Cha pili hivyohivyo. Havikushika popote, kwa sababu ule uji sikuupaka. Nimevitoa vyote, hakuna kilichopasuka. Kosa moja limeniokoa na jingine, na naona haya hata kulifurahia. Nimekwangua na kifusi cha ukutani, matundu yako wazi. Harufu imeanza kupungua, na Nell leo amelala bila kukohoa.

Nataka nichimbe, nivilaze chini kabisa ya matundu, viteremke kidogo kuelekea mfereji ulio mwisho wa ua, na ukutani niache ukanda wa changarawe. Mlangoni baba Nell ataweka daraja la mbao lenye nafasi chini, hewa ipite, na chuma cha kushikilia. Lakini Jumapili ile haitakuwa tayari. Mtakuta matope na vigae vimepangwa kama vyombo vya harusi iliyovunjika. Mjomba ataona. Ndiyo maana nilisema msije.

Sasa unajua. Ukisaini sitakulaumu.

Mjukuu wako mwenye aibu,
Jodie

Torquay, 22 Agosti

We Jodie,

Chai yangu mbaya, nyonga nzima kiasi, asante kwa kutouliza.

Ile karatasi ya maua babu yako aliichagua bila kuniuliza. Nimeichukia tangu siku hiyo.

Roy nimemsomea barua yako yote, na pale pa bata amecheka mpaka akavua miwani. Hajasema ndiyo. Amesema ataona kwa macho yake, nami nimemwambia macho aje nayo na viatu vya matope pia. Zile karatasi bado ziko chini ya bakuli, nimeongeza machungwa juu.

Jumapili tunakuja. Usilaze hata kimoja kabla sijafika. Toa ule mfuko bandani, uniwekee kiti na meza pakavu, na brashi pana. Utanipakatisha kigae, nitakipaka mgongo, wewe utalaza. Kilichovunjika kwangu ni nyonga. Mikono ipo.

Bibi yako