Mzazi wa Kukodi

Jumatatu, 4 Agosti

Paredi saa moja kasoro. Baridi. Kidato cha Kwanza wamesoma Ahadi ya Uadilifu kama wanakimbizwa: sitadanganya, sitaiba, sitaficha kosa. Nimewarudisha mwanzo mara mbili. Waliocheka nimewapigisha magoti kwenye changarawe. Najua wananiita Mama Rula. Waite tu.

Ukaguzi wa mabweni baada ya chai. Vitu vya kila siku: hita ya kuchemshia maji, makopo ya pilipili. Kisha simu, chini ya godoro la Yustina wa Kidato cha Tatu. Yustina! Yule wa Mgeta, anayesomeshwa bure na shule kwa ajili ya kichwa chake. Nikamwuliza ya nani. Yangu, madam, nampigia mama Jumapili. Hakuzunguka. Laiti wote wangekiri hivyo.

Adhabu ya simu ni wiki mbili nyumbani, na mzazi aje kusaini. Nimepiga namba iliyo kwenye faili. Amepokea mwanamume, akasema atakuja keshokutwa.

Jumanne, 5 Agosti

Kikao cha walimu. Mkuu wa shule amenitania tena mbele ya watu kuhusu yule "baba mdogo".

Naandika ili hasira zinitoke. Mwaka jana kijana mmoja wa Kidato cha Nne alitafuta mtu stendi ya Msamvu, akamvalisha shati zuri, akamleta ofisini kwangu kama baba yake mdogo. Nilimnunulia soda. Nikamsifu kwa malezi bora. Siku chache baadaye nikamkuta stendi anaita abiria wa Gairo, na akanipungia mkono! Walimu walicheka mpaka wakachoka. Ndipo nikaandika kanuni: atakayeleta mzazi wa kukodi anafukuzwa, hakuna onyo. Mkono wangu mwenyewe. Sichekwi mara ya pili.

Jumatano, 6 Agosti

Amekuja. Mzee mwembamba, koti la suti lililopauka, gambuti za matope, kiroba cha karoti begani. Jina lake Mzee Banzi. Anasema ndiye mwenye Yustina. Ni baba yake? Hapana, mjomba. Baba yuko wapi? Yupo nyumbani, anamwagilia kabichi. Mzima? Mzima kabisa.

Damu ilinipanda. Baba yupo, mzima, anamwagilia kabichi, halafu anakuja mjomba. Nikamwuliza Yustina alizaliwa lini. Mwaka ule maji yalipobeba daraja. Yuko kidato cha ngapi? Akafikiri sana. "Hikihiki anachosoma, mwalimu." Kitambulisho amesahau. Jina lake la mwisho si la Yustina. Nikamwambia abebe karoti zake aende zake, na amwambie aliyemtuma kwamba safari hii wamebugi. Hakubisha. Alisimama kidogo mlangoni, akatazama sakafu, akaondoka.

Nimemwita Yustina. "Madam, kwetu mjomba ndiye mkubwa. Baba hawezi kuja." Akaanza habari za ukoo. Nikamkatiza. Nikamwambia mtu akiamua kudanganya basi ajitahidi kidogo. Hakulia. Hilo nalo lilinikera.

Alhamisi, 7 Agosti

Mkuu amesaini barua ya kumfukuza. Dakika tano, hata hakukaa.

Yustina ameondoka saa nne na tranka lake. Kwanza alipita ofisini kurudisha vitabu viwili vya maktaba, vyote amevijalidi kwa gazeti. Shikamoo, madam. Marahaba.

Nimefuata kanuni. Narudia: nimefuata kanuni.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Wanafunzi wamepelekwa uwanja wa maonyesho. Nimebaki. Nilikwenda jikoni kuomba chai kwa Mama Fidelisi, mpishi wetu. Miaka kumi na miwili akinipa chai anakaa nami. Leo aliweka kikombe, akarudi kwenye maharage.

Nikamwuliza nimemkosea nini. Akageuka na mwiko mkononi.

"Mwalimu, umemfukuza mjomba wa mtu kama mbuzi aliyeingia bustanini."

Kumbe Mama Fidelisi kwao ni kulekule Mgeta, jirani na mzee yule. Mzee Banzi ni kaka wa mama yake Yustina, tumbo moja. Akanieleza kama anavyoelezwa mtoto: kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye sauti ni mjomba. Baba anampenda, anamlisha, lakini akija kusaini peke yake amemkalia shemeji yake kichwani. "Sisi tuliohamia mjini tumeshachanganya mambo. Kule juu bado wanashika. Yule baba angekuja vipi? Angekuja kama nani?"

Kwetu Moshi mtoto ni wa baba, basi, hakuna mjadala. Sikuwahi kudhani kuna namna nyingine. Miaka kumi na miwili nakula mboga zao, sijawauliza hata mara moja. Na mtoto alikuwa ananieleza! Nikamkatiza. Naona aibu mpaka masikio yanawaka.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimemfuata Mkuu nyumbani kwake. Amesikiliza huku akikata kucha. Kisha: barua imeshakwenda kwa bodi. Tukiirudisha, kesho kila mtoto ataleta mjomba. Halafu, kwa sauti ya chini, nafasi ya ufadhili ina mtu. Mjumbe mmoja wa bodi ana mtoto wa ndugu yake, anaanza wiki ijayo.

Haraka hiyo! Mtoto hajamaliza siku mbili nyumbani.

Nikamwambia basi nakwenda kwa mwenyekiti wa bodi mimi mwenyewe, nikaseme nilimfukuza mtoto bila kuuliza, na Mkuu akasaini bila kusoma. Aliacha kucha. Mwishowe akasema anataka barua ya mtendaji wa kijiji, yenye muhuri, inayothibitisha huyo mzee ni nani. Mezani kwake Jumatatu kabla ya saa sita. Ikichelewa, Yustina hana shule. "Na wewe, mwalimu, tutazungumza kuhusu cheo chako."

Sawa. Tuzungumze.

Jumapili, 10 Agosti

Nimepanda Mgeta. Bodaboda kutoka Sangasanga, mawe matupu, kisha kwa miguu. Nilianguka mara moja. Mtendaji alikuwa kanisani. Nikasubiri nje misa nzima, nikihesabu saa. Alipotoka akasema muhuri uko ofisini, na ufunguo wa ofisi anao mgambo, na mgambo yuko shambani ng'ambo ya bonde. Nilitaka kupiga kelele. Tulimfuata wote wawili. Saa nane ndipo muhuri ukapigwa.

Kisha nyumbani kwao. Mjomba, mama, baba. Baba alinisalimu vizuri, akaenda kukaa pembeni kwenye kinu kilicholala, akamwachia shemeji yake kiti. Yustina alisimama mlangoni na sare yake ya shule. Siku ya Jumapili, sijui kwa nini.

Niliomba radhi. Nilipiga magoti, sikuwa nimepanga. Mzee Banzi akashtuka, akaninyanyua.

"Inuka, mwalimu. Mimi nilijua ni hizi gambuti. Nikamwambia mama yake, tungeazima viatu vya katekista."

Hapo nikalia. Yeye siku zote hizi alikuwa anajilaumu kwa viatu.

Nikamwomba mtoto arudi. Mzee Banzi aliongea na dada yake kwa Kiluguru, akamwuliza na baba, baba akatikisa kichwa kukubali. Kisha akaniambia Yustina atarudi, lakini wiki mbili za simu azimalize kwanza. Simu alikuwa nayo kweli, alisema, hiyo si ya kusamehewa. Nikasema ndiyo, mzee.

Nilipoondoka walinipa karoti.

Jumatatu, 11 Agosti

Barua imefika mezani kwa Mkuu saa tano na dakika arobaini, imekunjamana, ina jasho langu. Ameisoma mara mbili. Ameuliza kama muhuri ni wa kweli. Nikamwambia ampigie mtendaji sasa hivi, namba hii hapa. Hakupiga. Ameandika kwa kalamu: arudi, ufadhili uendelee.

Kisha akaninyang'anya faili la nidhamu na funguo za mabweni. Atapewa mwingine. Nilidhani nitaumia zaidi ya hivi.

Jumatatu, 25 Agosti

Ukungu asubuhi, milima haionekani. Paredi nimesimama nyuma pamoja na walimu wengine.

Yustina amerudi. Mjomba amemleta, amesaini kwenye mstari wa mzazi, polepole, herufi moja moja. Alikuwa na viatu vyeusi vinavyombana, nikaona anavyotembea. Mkuu amempa kiti. Mama Fidelisi amempelekea chai na vitumbua.

Kipindi cha tatu nilikuwa na darasa lao, Jiografia. Zamani alikaa mbele, mkono juu kabla sijamaliza swali. Leo amekaa dirishani, nyuma. Niliuliza swali jepesi nikijua analijua, nikamwangalia yeye. Akatazama daftari. Akajibu mwingine, akakosea, nikasahihisha.

Wenzake walipotoka nikamwita. Nikamwambia yuko huru, mimi si mwalimu wa nidhamu tena, aniambie tu kama bado ana kinyongo nami. Akasimama wima, mikono nyuma, akitazama kola yangu.

"Hapana, madam. Niko sawa kabisa."

Tangu nimjue, leo ndiyo mara ya kwanza Yustina ananidanganya. Nikamwambia aende, chai itapoa.