Noti Mbili Anazoruka Libaan

Adeer Warsame, ami na mwalimu wangu,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu wewe ulinifundisha muziki kwa Kiswahili. Kisomali ulikiweka cha kuuliza habari za nyumbani na kunigombeza, lakini ukishashika gitaa ulirudi kwenye lugha ya bendi zako za Mombasa. Unakumbuka yule muuza vitambaa wa mbele? Alikusikia ukinifundisha kodi za jazi, zile noti tatu nne zinazopigwa pamoja, akadhani ni kodi ya serikali. Alikuja na leseni yake mkononi kukuuliza kama imeisha. Ulicheka mpaka chai ikakupalia.

Tangu tukuzike, chumba chetu nyuma ya duka la redio bado kiko wazi. Joto la Garissa ni lile lile na feni yako ingali inalia. Lakini gitaa lako halipo ukutani. Edo Halima, shangazi yetu, alimpa Libaan, akasema wewe mwenyewe ulimwagiza kabla hujatutoka. Nikasema haya, Mungu amjalie. Nikaenda nyumbani na siku hiyo sikula.

Ninaona wivu, Adeer. Sina neno jingine la kuupamba. Mimi nimekaa miguuni pako miaka, na Libaan alishuka juzi tu kutoka kambi ya wakimbizi ya Ifo na sauti yake ya upole na vidole vyake virefu.

Wajua ulivyonihangaisha. Nyimbo za Kisomali nilizokulia zina noti tano tu kati ya saba, na sikio langu liliruka ya nne na ya saba kana kwamba hazipo. Kila nikiruka, ulipiga meza, na kwa ulimi wako wa Kisomali usioijua "p" ukasema: "Hizo mbili si adui, Bishaar. Bita huko huko." Nikapita. Vidole vikaota sugu. Nikajifunza kwamba jazi inageukia hapo, kwamba wimbo ukitaka kuhama kutoka kodi moja kwenda nyingine ni hizo mbili zinazousukuma. Siku nilipoweza, ulisema, "Umebatia," ukaenda kutawadha.

Kisha akaja Libaan. Alibuni papo hapo wimbo mzima bila kujua yuko kwenye kodi gani, na hizo mbili hakuzigusa hata kwa bahati mbaya. Nilingoja upige meza. Ukafumba macho. Alipomaliza ukaniambia mimi, si yeye, "Wacha huyo. Iko kitu anatafuta." Mimi hukuwahi kuniambia natafuta kitu. Mimi nilipatia, basi.

Majuzi tulialikwa harusini Habaswein. Libaan alipiga gitaa lako mbele, mimi nikamwekea kodi chini yake kwa gitaa la kuazima. Kila aliporuka, mkono wangu ulijaza zile mbili chini yake, wenyewe tu. Wazee waliokuwa wakibishana bei ya ngamia waligeuza viti vyao kututazama. Ilikuwa tamu, Adeer, siwezi kukudanganya. Halafu wakamzunguka yeye kumpa mkono, na mimi nikakunja nyaya.

Njiani kurudi akaniambia, "Walaal, ndugu yangu, fundisha mimi hizo noti mbili. Niliomba Adeer, akakataa. Alisema hiyo uliza Bishaar."

Yaani gitaa umpe yeye, na kazi uniachie mimi. Nilitazama nje ya dirisha mpaka Garissa.

Tangu siku hiyo napiga hesabu mbaya kichwani. Akibaki hivi alivyo, ananihitaji. Hawezi kusimama popote bila mtu wa kumwekea kodi, na mtu huyo katika mji huu ni mimi peke yangu. Akizijua, ataondoka aende Nairobi, na hatakosa wa kumpokea. Nilipanga kumfundisha ya nne tu, ya saba niibakize. Nani angegundua? Watu wa hapa hawaijui, na yeye mwenyewe angedhani amemaliza.

Lakini jana alikuja akapiga kidogo, peke yake, akingoja nimalize kufagia. Nilisimama na ufagio. Nilisikia kile ulichokuwa ukikisikia wewe ulipofumba macho. Ningekuwa sikisikii, ningelala vizuri. Wewe ndiye uliyenitengenezea sikio hili, kwa hiyo lawama ni zako pia, na Mungu anisamehe kumlaumu maiti.

Nimekukosa, Adeer. Hakuna wa kunigombeza siku hizi, na sikudhani jambo hilo lingeniliza.

Sasa lala salama. Allah akupanulie kaburi na akutilie nuru ndani yake. Jumamosi, baada ya Alasiri, naanza na Libaan. Nitampa ya nne, na ya saba nitampa pia, nzima, bila kuficha inapokaa. Na siku atakapoipiga kunishinda, nitamwambia mwenyewe kwa mdomo wangu. Ila usinitake nitabasamu.

Bishaar