Kichwa Kinaniuma Dunguni

Jumatatu, 4 Agosti
Bado nalala dunguni, juu ya nguzo, kulinda shamba. Mpunga umeanza kuinamisha masuke. Viboko hawakuja. Nimeamka kichwa kinaniuma tena. Maumivu yanaanzia pale kisogo kinapokutana na shingo, yanapanda, yanatua nyuma ya jicho la kulia. Vidonge viwili. Havikusaidia.

Jumatano, 6 Agosti
Vilevile. Nikibonyeza kisogo kwa kidole gumba, jicho linatoa machozi. Naogopa. Baba alianza hivihivi, akaishia kupooza. Sijamwambia mke wangu, Mama Dhadho.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimetapika mtaroni. Mke wangu ameona. Akasema twende Garsen. Nikamwambia nikishuka hapa viboko watavuna kabla yetu, na chakula chetu cha mwaka mzima ndicho hiki.
"Na ukifia huko juu, Baba Dhadho, nani atakushusha?"
Kesho naenda. Yeye atalinda.

Ijumaa, 8 Agosti
Zahanati ya Garsen. Presha nzuri. Muuguzi akanibonyeza kisogo, nikaruka. Akauliza nalalia nini. Nikamweleza: kigoda cha mti cha kuwekea kichwa, zawadi ya Guyo, mfugaji ambaye ng'ombe wake hula mabua yangu baada ya mavuno. Mto wa nguo hulowa umande dunguni, kigoda hakilowi. Nalala chali, kinakaa shingoni. Akasema ndicho kinachobana mishipa ya hapo. Nikiache. Mkono ukifa ganzi, nirudi haraka.

Wakati wa kurudi nilimkuta Guyo akinywesha ng'ombe. Sikutaka kumwambia, zawadi hailaumiwi. Nikamwambia. Alicheka mpaka akaegemea fimbo.
"Chali? Wewe maiti, rafiki yangu? Sisi twalala ubavu. Kinakaa chini ya sikio."
"Ungenifundisha."
"Mtu mzima afundishwa kulala?"
Nilicheka pia. Kichwa kikaniuma zaidi.

Jumapili, 10 Agosti
Nalalia gunia la nyasi. Kichwa bado kinauma. Viboko walikuja alfajiri, tukawafukuza kwa kupiga madebe. Wamekanyaga kona moja tu. Kanisani sikwenda.

Alhamisi, 14 Agosti
Nimeamka bila maumivu. Nimebonyeza kisogo. Kinauma kidogo tu. Bado namfikiria Baba.

Jumanne, 19 Agosti
Tumeanza kukata. Nimeinama tangu asubuhi. Mgongo unauma, kichwa hakiumi. Mama Dhadho yuko mbele yangu, mundu wake una kasi kuliko wangu. Kila akifika mwisho wa jaruba hugeuka, hunitazama, kisha huendelea.