Sabato Mbili Nyumba Moja

Kwa kaka yangu mpenzi Saumani,

Salamu nyingi zikufikie huko Auckland, wewe pamoja na wifi yangu Leitu na watoto. Natumai kifua chako kimetulia na baridi ya huko haiwasumbui sana. Sisi huku Savai'i tunashukuru Mungu, tunapumua. Baba ni mzima wa mwili na mkali vilevile kama ulivyomwacha. Kwamba Mama amerudi kutoka hospitalini, najua shangazi Tilomai amekwisha kukupigia, maana yule hakai na neno moyoni. Ila hakukueleza yote kwa sababu hajui yote. Anayejua ni mimi peke yangu, na kwa simu ningelia tu mpaka salio liishe.

Wewe uliondoka kabla serikali ya Samoa haijatuhamishia upande wa pili wa mstari wa tarehe, kwa hiyo hukuwepo wiki ile tulipolala Alhamisi tukaamka Jumamosi. Wengine walicheka wakaendelea na mambo yao, lakini sisi Wasabato tulishikwa pabaya. Baba alisema Sabato ni Jumamosi, mjadala umefungwa. Mama alisema jua halikuruka hata siku moja, lilizama Alhamisi likachomoza kesho yake kama kawaida, na kesho ya Alhamisi haiwezi kuwa siku ya saba hata waziri aiite jina gani. Kwa hesabu yake, siku ya saba sasa ni hii wanayoiita Jumapili. Kanisa likagawanyika, na wazazi wetu wakagawanyika nalo.

Usidhani Baba anakaidi bure. Unajua alivyozomewa ujanani akishuka kanisani na Biblia yake huku kijiji kizima kiko shambani. Alimwambia Mama mbele yangu, "Nimetukanwa maisha yangu yote kwa ajili ya Jumamosi! Leo niende kusali Jumapili, wale wale wanipungie mkono, 'Karibu mzee, hatimaye umeiona njia'?" Mama naye hakumwonea haya, alimuuliza, "Kwani mume wangu, ulikuwa ukiitunza siku ya Bwana au heshima yako?" Tangu hapo hawakusali tena pamoja.

Basi tukaishi hivyo. Jumamosi Baba yuko ndani ya shati jeupe, Mama yuko kwenye shamba la magimbi anapalia. Jumapili Mama amevaa gauni jeupe na kofia yake, Baba anapasua kuni nyuma ya nyumba, na kila shoka likipiga Mama anaongeza sauti ya wimbo. Chakula cha Sabato ya Baba nilikipika Ijumaa kwenye umu yetu, lile tanuri la mawe ya moto. Cha Mama ilinibidi nikipike Jumamosi, na moto kwenye Sabato ya Baba hauwashwi, kwa hiyo nilibeba magimbi na majani yake mpaka kwa shangazi nikaomba nafasi kwenye mawe yake. Shangazi akanicheka, "Nyie mmekuwa watakatifu mno! Sabato mbili kwa wiki, sasa shetani mmemwachia siku gani?" Nilicheka naye. Lakini kaka, nilizishika zote mbili na sikupumzika hata moja.

Utaniuliza kwa nini wasiuache tu ubishi huo, siku ni siku. Mimi siwezi kusema hivyo, wala wewe usiseme. Mama alitufundisha tukiwa wadogo kwamba Mungu alimuumba mume na mke siku ya sita, kwa hiyo siku yao nzima ya kwanza duniani ilikuwa Sabato. Kabla ya kulima, kabla ya kukosa, kabla hata ya kugombana, walipewa siku ya kukaa pamoja na Aliyewaumba. Nalisadiki hilo mpaka leo. Kila Mkristo angepaswa kulisadiki. Ndiyo maana iliniuma kuwaona watu wawili wanaoipenda Sabato kuliko kijiji kizima wakiishika kila mmoja na upweke wake.

Mama alianguka Jumamosi, akipalia. Watu wa kanisa la Baba wakanong'ona kwamba ni kofi la Mungu. Baba hakusema hivyo, ila hakuwakanya. Mama alilala hospitalini siku nyingi hajitambui, na alipozinduka mkono wa kulia ulikuwa umekufa na ulimi umefungwa. Tulimpeleka kwenye nyumba ya shamba kule juu, ambako kuna upepo, na kengele za kijijini hazifiki.

Sasa nakwambia lile ambalo sijamwambia mtu. Asubuhi moja Baba alisimama mlangoni amevaa nguo za kanisani. Mama akamtazama sana, kisha akanigeukia. Akanyoosha vidole vitano vya mkono mzima, akavikunja, akanyoosha viwili. Alikuwa anauliza kama ni siku ya saba. Ilikuwa Jumamosi, Saumani. Nikamwambia, "Ndiyo Mama, ndiyo leo."

Uso wake ulivyong'aa sina maneno ya kukueleza. Alidhani Baba ameikubali siku yake. Akaonyesha gauni lake jeupe, nikamvisha, nikamvika na kofia. Baba kuona hivyo akadhani Mama amerudi kwenye Jumamosi. Yule mzee alipiga magoti kando ya kitanda akalia kama mtoto, akasema, "Mke wangu, mke wangu, tulichelewa wapi?" Wakashikana mikono. Sabato hiyo walisali pamoja, na kila Sabato tangu hapo. Sijawahi kuwaona na furaha kama ile.

Baba ameshatangaza kanisani kwamba mkewe ametubu, na watu wake wanapanda kuja kumwimbia. Daktari anasema moyo wa Mama umechoka, tusitarajie mengi. Akifa, Baba atasimama kaburini aseme alikufa akiitunza Jumamosi, nami nitasimama pale nimenyamaza. Nikimwambia Mama ukweli, atauvuta mkono wake. Nikimwambia Baba, atashuka kijijini asipande tena. Nikinyamaza, nimemwibia Mama siku aliyoitesekea. Amri ya nne, ya Sabato, naifahamu, na ya tisa, ya kutoshuhudia uongo, pia naifahamu. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini yangu siuoni mwisho wake. Kwetu kaka hamkatalii dada yake, nami sijawahi kukusumbua kwa lolote. Leo nakuomba, na sijui hata nakuomba nini.

Unisalimie wote huko, hasa mtoto wa mwisho ambaye sijambeba. Baba anakusalimu. Mama naye angekusalimu. Amelala sasa, mkono wake bado umo mkononi mwa Baba. Jua limezama, Sabato ya Baba imekwisha na ya Mama imeanza, na yeye hajui. Kesho akininyooshea vidole nitamwambia bado, wiki ndiyo kwanza inaanza, na ili aniamini nitaweka beseni mbele ya macho yake nifue nguo.

Dada yako akupendaye,
Fetuao