Alasiri Tuliyovuka Klave

Bronx, New York
12 Machi 1979

Kaka yangu Eleuterio,

Nakusalimu wewe, na kupitia kwako namsalimu shemeji Obdulia na wote mlioko huko nyumbani Yauco, pamoja na wale wazee wanaokuja dukani kwako kununua mkate mmoja na kubishana saa nzima. Kifua chako vipi? Nimesikia kwa watu waliotoka huko kwamba unga unakukohoza. Mimi mzima, ukiondoa magoti na meno mawili, ila nimechoka. Sikumbuki lini mara ya mwisho niliamka nikiwa sijachoka. Najua huu ni mwaka wa kumi na nane hatuandikiani ila kadi za Krismasi na ule mstari mmoja ulioniletea Mama alipofariki. Nakuomba uisome barua hii mpaka mwisho, hata kama baadaye utaiwashia tanuri.

Bado naandika katika kigazeti chetu cha kila Ijumaa na bado nagombana na kila mtu. Nimegombana na kampuni za santuri zilizoupa muziki wetu jina la mchuzi, salsa, kana kwamba sisi ni wapishi wao. Nimegombana na profesa mmoja aliyeandika kwamba watu wetu wanapiga kwa damu, si kwa akili. Nilimjibu kwamba ailete damu yake kwenye mazoezi ya Maestro Arzuaga Jumapili saa nane mchana, tuone kama itaweza kusoma karatasi ya tarumbeta ya pili. Watu walicheka. Monchito, ambaye bado anapiga besi na bado hana adabu, alisema mimi nimesoma vitabu vyote duniani isipokuwa saa, maana nilichelewa mazoezi hayo hayo.

Lakini niliowashambulia kuliko wote ni wanaovuka klave. Nimeandika mara zisizohesabika kwamba mapigo yale matano ya vijiti, matatu katika kipimo hiki na mawili katika kinachofuata, ndiyo sakafu ya nyumba nzima. Nimeandika kwamba wimbo unaokanyaga upande usio wake umevuka, hata ukipambwa kwa dhahabu, na aliyeuvusha hastahili kuitwa mwanamuziki. Na nimetaja majina. Mpiga tarumbeta mmoja wa Brooklyn aliiacha kazi hii kwa sababu ya kalamu yangu, na siku ile nilijisifu.

Sasa nikupe habari za Maestro Wenceslao Arzuaga mwenyewe. Amezeeka. Viungo vya vidole vimevimba na daktari amemwambia aache, kwa hiyo dansi ya kumuaga itakuwa Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka. Ungemsikia anavyopiga siku hizi, kaka. Zamani aliijaza piano kama mtu anayehamia nyumba na watoto tisa. Sasa mkono wa kushoto unazunguka mle mle, noti nne tano, bila haraka, na wa kulia unangoja. Unangoja mpaka wachezaji wanaingiwa na wasiwasi, kisha unadondosha noti mbili mahali ambapo hakuna aliyejua palikuwa wazi, na ukumbi mzima unapiga kelele. Bado haangalii vidole. Anachagua mchezaji mmoja, mara nyingi mama mnene aliyekuja na viatu vyake vya kazini, na usiku kucha anaipigia miguu yake. Na bado anatuongoza kwa kidevu: akikiinua, tromboni tunaingia, akikigeuzia begani, tarumbeta, akikishusha kifuani, sote kimya, ngoma peke yake. Kama yule profesa anatafuta akili, iko pale.

Wiki mbili zilizopita Maestro aliniita kwake mchana. Alikuwa anapanga vitu vyake na amekuta utepe wa ule wimbo wa mshonaji, utepe wa siku ya kwanza studioni mwaka 1961, siku yako. Aliuweka, tukasikiliza, mkewe akatuletea kahawa ambayo hatukuinywa. Unakumbuka. Mara tatu wimbo ulivunjika palepale, baada ya sehemu ya katikati. Mara ya tatu uliacha kupiga ngoma, ukasema sisi ndio tuliohama, kwamba kipimo kimoja kimeliwa. Maestro akakuuliza mbele ya wote: wenzako wanasoma, wewe unasoma nini? Watu wakacheka, kwa sababu mpiga ngoma hakuwa na karatasi. Ukajibu kwamba wewe huhitaji karatasi kujua miguu yako iko wapi, na kwamba hata mbuzi wa Mama angesikia kwamba tumevuka. Akakuambia ubebe ngoma zako uende. Kwenye utepe yote yamo, mpaka mlango ulivyofungwa.

Maestro alihesabu sehemu ya katikati kwa vidole vyake vile vilivyovimba. Vipimo saba. Akahesabu tena. Saba, na yeye alikuwa ametunga vinane. Akaniambia kwamba ndugu yangu alikuwa amesimama palepale na sisi kumi na mmoja ndio tuliohama. Alisema wimbo ule aliuandika kwa haraka, siku mbili tu kabla ya studio, na bila shaka yeye mwenyewe alikiruka kipimo hicho, kwa hiyo amemfukuza mtu kwa kosa lake mwenyewe. Akalia. Kumwona mtu yule analia, kaka Teyo, si jambo dogo. Aliniomba nikuandikie kwamba anakuomba msamaha, kwamba angewaambia bendi yote kwenye mazoezi, na kwamba siku ya dansi kiti cha ngoma ni chako. Jana aliwaambia kweli, amesimama, ameshika piano ili asianguke. Monchito alivua kofia.

Nami nilikuwa nimesimama pale na tromboni yangu, kimya, kama mwaka 1961.

Maestro hakuruka kitu. Aliandika vipimo vinane. Mimi ndiye niliyenakili karatasi za bendi nzima, na kipimo cha nane kilikuwa peke yake juu ya ukurasa wa pili. Nilifunua ukurasa nikaanzia mstari uliofuata. Ulipopaza sauti kwamba kimeliwa, nilifungua mkoba wangu, nikaiona karatasi ya Maestro, nikajua. Ndipo uliponitazama. Mimi nikainama kupaka mafuta tromboni ambayo haikuhitaji mafuta. Asubuhi yake nilitangulia studio nikabandika kipimo kile kwenye karatasi zote kwa gundi. Akaja mpiga ngoma mwingine, wimbo ukapita mara moja, laini, na kila mtu akasema mmeona, alikuwa Eleuterio. Ushahidi uliokumaliza niliutengeneza mimi, kwa mkono wangu. Mama alikufa akiamini kwamba mwanawe mkubwa alivuka klave, na mimi ndiye niliyemwambia. Wale wote niliowatukana gazetini kwa miaka hii, nilikuwa namtukana mtu mmoja ambaye sikuwa na ujasiri wa kumtaja.

Ijumaa hii gazeti litatoka na jina langu, katika safu ile ile, kwa maneno yale yale niliyowapa wengine. Kesho nitakwenda kwa Maestro kabla hajalisoma, nimwondolee mzigo usio wake. Nimetaka wewe uwe wa kwanza kuandikiwa. Siombi unisamehe, nimechoka hata kuomba. Naomba uje umpigie mzee yule mara moja kabla vidole vyake havijakakamaa. Ukisema hutaki kuniona jukwaani, tromboni itapigwa na mwingine na mimi nitabaki nje ya mlango mpaka umalize.

Mbusu shemeji kwa niaba yangu kama ataruhusu. Wasalimie wanao, ambao sijawahi kuwaona. Funika kifua unapotoka kwenye tanuri.

Mdogo wako, aliyejua tangu siku ile kwamba wewe ndiye uliyekuwa sahihi,

Crisanto