Waifai Iliyopita Jikoni Kwako

Mama,

Nakuandikia nikiwa na hasira. Wanao wa kiume wamenichosha.

Tangu tukuzike, Baba hasemi. Anaketi mlangoni kwake siku nzima, anatazama migomba. Binti yangu Moraa, aliye masomoni Ujerumani, akaomba tuweke waifai boma zima ili babu amwone uso, maana kule bondeni kwa Baba simu hainasi mtandao. Kaka zangu wakakubali upesi mno. Ilifaa nishuku mapema.

Kebo ililetwa hadi kwa Makori, juu barabarani. Ruta kuu ikakaa kwake kwa kuwa ni kifungua mimba. Ya pili ikaenda kwa Nyakundi kwa kuwa ni wa pili, na ya tatu kwa Ombati kwa kuwa ni wa tatu. Hakuna aliyeuliza mawimbi yanapita wapi. Nyumba zao zimebanana juu kilimani, na Baba yuko chini peke yake. Sasa Ombati anatazama mpira akiwa chooni, na mzee aliyewekewa mitambo hiyo hapati hata chembe.

Nikawaambia ruta moja ihamie jikoni kwako, katikati ya mteremko, ipokee kutoka juu na kumfikishia Baba. Makori akakohoa kama chifu. "Jikoni kwa mama, mwanamume aliyetahiriwa hatii mguu. Wewe ni msichana, hujui." Mimi, msichana wa miaka hamsini na miwili. Wazee wazima watatu wanaogopa sufuria zako. Ugali uliotoka humo hawakuuogopa hata siku moja.

Ulizoea kuniambia, "Waache waongee, wewe shika jembe." Basi Jumamosi, siku yao ya Sabato, wakiwa kanisani, nilikuja kutoka Kiogoro nilikoolewa, nikaichomoa ruta ya Ombati. Jiko lako bado linanukia moshi na mboga za chinsaga. Nililia, Mama, sikujizuia. Kisha nikaichomeka kwenye ile soketi uliyoipigania umeme ulipoingia bomani.

Nikashuka kwa Baba na simu yangu, Moraa akapiga kwa video. Baba akamtazama kwa muda mrefu. Unajua anavyofanana nawe. Halafu akasema, mara ya kwanza tangu mazishi: "Ngoja, mjukuu wangu, nimwite nyanya yako."

Akageuka kuelekea jikoni kwako, akakuita kwa jina.

Pumzika, Mama. Jiko nimelifunga na ufunguo ninao mimi. Mwenye kutaka ruta yake aje aniombe. Nitakuja kila Jumamosi. Na Baba akikuita tena, nitaitika mimi.

Binti yako,
Kemunto